Kangaga langu lina vidoa vya kahawia chini ya majani, ni ugonjwa?

Kivulini: Habari zenu wapendwa. Nina kangaga la kuning'iniza, lile lenye majani marefu yaliyochanika kama kitana. Juzi nilipokuwa nalimwagilia niligeuza jani, nikakuta vidoa vya kahawia vimejaa upande wa chini. Nimeshakata majani sita. Halafu vijani vinapukutika kila nikiligusa, na ncha zimekauka. Liko karibu na dirisha, feni inalipiga mchana kutwa. Naomba msaada, aliniachia dada yangu alipohama, sitaki life mikononi mwangu.

BibiMaua: Pole mwanangu. Kwanza weka mkasi chini. Vidoa vimejipanga safu moja kila upande wa mshipa wa kati? Kama ndivyo, si ugonjwa. Kangaga halitoi maua wala mbegu, huzaliana kwa spora, vumbi laini mno, na hivyo vidoa ndivyo vifuko vyake. Mimi niliwahi kuvisugua kwa maji ya sabuni hadi majani yakaungua, na nililia kweli. Wadudu magamba, vidudu vinavyofyonza mmea na vinavyoweza kufanana na vidoa hivyo, hukaa ovyoovyo, mpaka kwenye vikonyo. Ukipitisha ukucha wanabanduka, na jani huwa linanata.

Kinachopukutisha majani ni feni. Kangaga ni mmea wa kivuli chenye unyevu, upepo mkavu unalinyonya. Lihamishe penye mwanga usio wa jua kali. Chomeka kidole udongoni kila asubuhi. Juu pakianza kukauka, mwagilia mpaka maji yatokee chini, kisha yamwage yaliyotuama. Kulinyunyizia majani kunasaidia dakika chache tu, afadhali uweke chungu juu ya sahani ya kokoto na maji, kitako kisiyaguse. Mbolea nusu ya kipimo, tena linapochipua tu. Ukizidisha, chumvi yake huunguza ncha.

Chipukizi: Ukiona nyuzi ndefu zinaning'inia usizikate. Laza mmoja juu ya udongo wa chungu kingine, utachipua kangaga jipya.

Kivulini: Nimetoka kutazama sasa hivi: safu mbili, zimenyooka kabisa! Masikini yale majani sita. Nimelihamishia bafuni, kuna kidirisha. Yaliyokauka kabisa niyakatie wapi?

BibiMaua: Chini kabisa, karibu na udongo. Katikati utaona machipukizi yaliyojikunja kama konokono, hayo usiyaguse.