Kompyuta ya kuingia mfukoni kwa kazi za ruta na swichi: ipi ina kasoro zinazovumilika?

fundi_waya

Wakuu, habari za kazi. Natafuta kompyuta ndogo ya mfukoni, si ya kuangalizia filamu. Kazi zenyewe: kuingia kwenye swichi na ruta kwa waya wa konsoli, yaani moja kwa moja bila mtandao (Cisco na Huawei nyingi, MikroTik kiasi), SSH (kuingia kwa mbali kupitia mtandao), kuandika ripoti fupi nikiwa saiti, na mara chache kufungua PDF ya mchoro wa nyaya.

Mfuko wa reflekta nimeupima: upana sm 14, kina sm 17. Uzito usizidi nusu kilo. Nataka Linux, kibodi ya vitufe halisi, betri ya saa 5 hivi, na ichajiwe kwa pawabenki. Bajeti ni milioni moja ya Tanzania, mtumba ruksa.

Nimezipitia GPD Pocket, GPD MicroPC na Gemini ya Planet Computers. Wengine wanasema simu na kibodi ya Bluetooth inatosha kabisa. Kila moja naona ina walakini wake. Nisaidieni kuchuja.

mtambo_mdogo

Mkuu, kompyuta kamili ya mfukoni haipo, na sababu ni rula tu. Kibodi ya kawaida ina milimita 19 kutoka katikati ya kitufe hadi katikati ya kinachofuata. Safu ya Q hadi P ina herufi 10, kwa hiyo ni mm 190 hata kabla hujaweka Tab wala Backspace. Mfuko wako unaishia 170. Chochote kitakachoingia humo kimebanwa vitufe. Unachochagua ni namna ya kubanwa.

Psion Series 5 (ya zamani, ya miaka ya 1990), Gemini na GPD Pocket zimebanwa kiasi, uandike kwa vidole vyote ikiwa imetulia mezani. MicroPC imebanwa kabisa, unaishika kwa mikono miwili na kuandika kwa dole gumba. Ya kwanza ukiishikilia hewani mkono unachoka mapema. Ya pili ukiandikia ripoti ya kurasa tatu utaitukana.

Na mfuko usiupime ukiwa bapa tu. Kitu chenye unene kinakula upana wa kitambaa, kwa hiyo jumlisha upana wa mashine na unene wake. MicroPC ni mm 153 × 113 × 23.5. Yaani 113 + 23.5 = 136.5, nawe una 140. Inaingia, lakini kwa kuisukuma. GPD Pocket ya 2017 ni mm 180 × 106 × 18.5: upana unatosha, urefu unachungulia nje sentimita nzima, na reflekta ukiinama inamwaga. Gemini ni mm 171 × 79 × 15, hiyo inateleza ndani kama simu.

Swali langu: unaandika ukiwa umesimama mbele ya raki, au umekaa?

fundi_waya

Nimesimama, asilimia kubwa. Ripoti naweza kusubiri nikae.

konsoli_9600

Kama ni kusimama mbele ya raki, usizunguke sana: MicroPC. Katika hizo tatu ndiyo pekee yenye tundu la RS-232 (mlango wa zamani wa serial) la pini 9 mwilini, pamoja na tundu la RJ45 la gigabiti. Waya wa Cisco wa bluu, wenye RJ45 upande mmoja na DB9 upande wa pili, unachomeka moja kwa moja bila adapta. Ilitoka 2019 ikiwa na Celeron N4100 (baadaye N4120), RAM GB 8, skrini ya inchi 6, gramu 440. Diski ni M.2 2242 ya SATA, inabadilika. Ukinunua ya kuongezea, usichukue NVMe ukidhani ni ileile kwa sababu umbo linafanana. Haitasomeka.

Skrini yake si ya kugusa. Padi ya kugusa iko kona ya juu kulia na vitufe vya kubofya viko juu kushoto, kwa sababu imepangwa ishikwe kwa mikono miwili.

Sasa mambo yatakayokusumbua siku ya kwanza ukiweka Linux.

Skrini imelala ubavu. Paneli yenyewe ni ya wima, 720 × 1280, kama ya simu, na kiwandani wameifunga kwa kuilaza. Kerneli za sasa zinaijua na eneo-kazi linakaa sawa lenyewe, ila menyu ya GRUB (ile ya kuwashia mfumo) itabaki imelala, na terminali tupu isiyo na eneo-kazi huenda ikalala pia. Kwenye `/etc/default/grub` ongeza `fbcon=rotate:1` ndani ya `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT`, kisha `sudo update-grub`. GRUB yenyewe zoea kuinamisha shingo.

Maandishi madogo mno. Pikseli 1280 × 720 kwenye inchi 6 ni kama pikseli 245 kwa inchi. Fonti ya kawaida ya 8×16 inakuwa na urefu usiofika mm 1.7, macho yatauma. Endesha `sudo dpkg-reconfigure console-setup`, chagua fonti ya Terminus, ukubwa 14x28. Hapo unapata safu wima 91 na mistari 25, na hiyo ndiyo sababu ya kuchagua 14x28 badala ya 16x32: matokeo ya ruta hupangwa kwa safu wima 80 na mistari 24, yote yanaenea. Ukiweka 16x32 safu wima zinatosha 80 kamili, lakini mistari inabaki 22 na kichwa cha jedwali kinapotea juu.

Jina la tundu. Usikariri `/dev/ttyS0`. Angalia kwanza `sudo dmesg | grep tty`, na ujiweke kwenye kundi la `dialout` (`sudo usermod -aG dialout jina_lako`, kisha utoke na kuingia upya). Cisco na Huawei anza na kasi ya 9600, 8N1 (biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimama). MikroTik zenye konsoli ni 115200. Ukiona herufi za ajabuajabu, kasi ndiyo si sahihi, waya hauna shida.

Ukitumia minicom (programu ya terminali ya serial) kuna mtego mmoja unaowapata wengi: unaona maandishi ya ruta yanakuja, lakini ukibonyeza vitufe hakuna kinachokwenda. Hiyo ni flow control ya hadiwea, ambayo minicom huiwasha yenyewe. Fungua `sudo minicom -s`, ingia kwenye mipangilio ya serial port, bonyeza F iwe No, hifadhi. Waya wa konsoli wa nyaya chache hauna mistari ya kupeana ishara hiyo, basi mashine inasubiri ruhusa isiyokuja.

Toleo jipya la MicroPC la 2025 lina skrini ya inchi 7 ya kugusa na RAM GB 16, ila lile tundu la pini 9 limeondolewa. Kwa kazi yako, ya zamani ni bora kuliko mpya. Ndivyo ilivyo.

dada_terminali

Naunga mkono hapo juu ila bajeti yake naiona inabana, na hatujagusa simu ipasavyo. Simu haipaswi kudharauliwa, ila watu wanaambiwa nusu.

Termux (programu ya terminali ya Linux ndani ya Android) ichukue F-Droid, duka la programu huria. SSH, Python, git, vim vyote vipo. Ukitaka Debian kamili ndani yake: `pkg install proot-distro`, kisha `proot-distro install debian`. Tatizo la kwanza: kuanzia Android 12 mfumo unaua michakato-watoto (ile inayozaliwa na programu) ikizidi 32 kwa simu nzima, na Termux inakufa ghafla ikiandika `signal 9`. Kwenye Android 14 kuna swichi ndani ya mipangilio ya wasanidi ya kuzima kizuizi hicho. Kwenye 12L na 13 tumia kompyuta yenye adb (zana ya kuiamuru simu kwa USB) mara moja: `adb shell settings put global settings_enable_monitor_phantom_procs false`. Zaidi ya hapo, andika `termux-wake-lock` kabla ya kuacha kazi ndefu, na uitoe Termux kwenye orodha ya kubana betri.

Tatizo la pili ndilo linalowashtua mafundi. Ukichomeka waya wa konsoli wa USB kwenye simu isiyofunguliwa root (ruhusa kamili ya mfumo), Termux haitaona `/dev/ttyUSB0`. Android haitoi ruhusa hiyo kwa njia ya faili. Unahitaji programu inayozungumza na chipu yenyewe, mfano Serial USB Terminal, inayoelewa FTDI, CP210x, CH340 na PL2303 bila root. Konsoli utaipata, ila iko kwenye programu yake na skripti zako ziko Termux. Hazionani.

Tatizo la tatu: simu nyingi zikiwa zinatoa umeme kwenye OTG (kulisha kifaa cha USB) haziwezi kupokea chaji wakati huohuo. Habu yenye mlango wa PD (chaji ya USB-C ambamo vifaa vinapatana volti) inasaidia kwenye baadhi tu. Jaribu dukani kwa simu yako mkononi kabla hujatoa pesa.

Na kibodi ya Bluetooth ya kukunja ukiwa umesimama utaiweka wapi, mgongoni kwa mwenzako?

konsoli_9600

Dada umenifurahisha na hiyo ya mwisho. Nyongeza kwa wenye adapta za USB kwenye Ubuntu 22.04: ukichomeka ya CH340 ikaonekana sekunde moja kisha ikatoweka, usiitupe. Ni brltty, programu ya vifaa vya maandishi ya vipofu, inaidhania ni kifaa chake kwa sababu namba ya utambulisho ni ileile, 1a86:7523. Kwenye `dmesg` utaona jina lake wazi. `sudo apt remove brltty`, chomoa, chomeka.

mzee_wa_AA

Vijana mmeruka kizazi kizima. Psion Series 5mx ya 1999: betri mbili za AA, mm 170 × 90 × 23, gramu 350 na kitu, kibodi ambayo hadi leo watu wanaililia. Kibodi ya Gemini imetoka kwenye mkono wa mbunifu yuleyule, Martin Riddiford. Skrini haina rangi na hutumia mwanga wa nje, kwa hiyo juani inasomeka pale hizi za inchi 6 zinapogeuka kioo cha kujitazamia. Ina RS-232 na programu ya terminali ndani yake. Betri zinauzwa hata duka la mangi.

mtambo_mdogo

Shikamoo mzee. Hoja ya juani ni ya kweli, na kwa fundi_waya ni muhimu: ukiwa nje geuza rangi ya terminali iwe maandishi meusi juu ya nyeupe. Watu wanapenda nyeusi ya kudukua, juani haionyeshi kitu ila uso wako.

Lakini kwa kazi hii 5mx simpi. Waya wake wa serial una kichwa cha pekee, hauupati kwa kutembeza macho dukani. Utepe unaobeba picha kwenda kwenye skrini hukatika kwa kukunjwa kila unapofungua kifuniko. Dalili ni mistari ya mlalo inayokuja na kuondoka ukiisogeza skrini. Na SSH ya leo kwenye kichakata cha MHz 36 chenye RAM MB 16 si jambo la kutegemea kazini.

Kwa atakayeichukua kwa mapenzi: faili zinakaa kwenye RAM. Usitoe AA pamoja na ile CR2032 ya akiba kwa wakati mmoja, utafuta kila kitu. Badilisha moja, subiri, kisha nyingine.

mzee_wa_AA

Marahaba. Utepe ni kweli, sibishi. Ila mfuko wangu siugusi.

fundi_waya

Nimeelewa, naelekea MicroPC ya mtumba. Nikague nini kabla ya kulipa? Na ile pawabenki ya 20000 niliyonayo, itaichaji?

konsoli_9600

Kwanza betri kuvimba. Iweke mezani kwenye kioo au marumaru, bonyeza kona moja moja. Ikicheza kama meza ya mguu mfupi, au kibodi imenyanyuka katikati, au mfuniko hauketi sawa, iache hata ukipunguziwa nusu bei. Betri iliyovimba haichomwi sindano wala kubanwa irudi.

Ikiwa na Windows, fungua `cmd`, andika `powercfg /batteryreport`, ufungue faili itakayotoka. Linganisha DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Ikiwa chini ya asilimia 75 hesabu gharama ya betri nyingine, na vipuri vyake huagizwa, Kariakoo usitegemee. Betri mpya ni kama Wh 23.5. Ukiwa kwenye terminali na Wi-Fi inakula wati 4 au 5, kwa hiyo saa 5 zako zinapatikana kwa shida. Ukiwasha kivinjari chenye kurasa kumi, sahau.

Jaribu kila kitufe kimoja kimoja ndani ya Notepad, hasa nafasi na Enter. Chomeka waya wa mtandao uone taa. Tundu la RS-232 lijaribu bila ruta: unganisha pini ya 2 na ya 3 kwa kipande cha waya, fungua PuTTY (programu ya terminali ya Windows) kwa 9600 na flow control ikiwa None, andika. Herufi zikirudi kwenye skrini, tundu ni zima. Ukitoa waya zikaendelea kuonekana, umewasha local echo (programu kujionyeshea herufi yenyewe), izime ndipo uhukumu.

Pawabenki: ukubwa si hoja, soma maandishi madogo ya OUTPUT. Chaja yake ya asili ni ya PD. Pawabenki ikiandika 5V pekee, au ile ya chaji ya haraka ya simu isiyotaja PD, mashine ama itakataa ama itachaji polepole kuliko inavyokula. Unataka neno PD na mistari ya 9V, 12V au zaidi. Na kebo iwe ya USB-C pande zote mbili. Ya USB-A kwenda C haibebi mazungumzo ya PD.

20000 mAh hupimwa kwa volti 3.7 za seli za ndani, yaani Wh 74. Toa hasara ya kubadilisha volti, inabaki kama 60. Ni kuijaza mara mbili na ziada kidogo. Na kwa anayesafiri kwa ndege, 74 iko chini ya kikomo cha Wh 100, ila ibebwe mkononi, si kwenye begi la mizigo.

fundi_waya

Yangu imeandikwa 5V/2.1A tu. Basi hiyo ibaki na simu. Nashukuru wote, mzee nawe pia.

dada_terminali

Ukishaipata, hata kama simu yako ina Serial USB Terminal, weka kebo ya USB ya konsoli kwenye begi. Cisco mpya nyingi zina konsoli ya USB pembeni ya ile ya RJ45, baadhi mini-B na nyingine USB-C. Waya wa bluu peke yake siku moja utakuta RJ45 ya konsoli imevunjika klipu.