Mrejesho: kupiga gitaa kwa vidole bila piki

Wakuu nimerudi, ni mimi niliyeuliza kama naweza kupiga gitaa kwa vidole vitupu maana piki, kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi, ilikuwa inanidondoka kila saa. Asanteni sana kwa ushauri aisee! Mkono ukishuka kwenye nyuzi napiga na kucha ya kidole cha shahada, ukipanda napiga na nyama ya kidole hichohicho, ila wiki ya kwanza ngozi ilichubuka kwa sababu nyuzi zangu ni za chuma na kucha ikawa inanasa kwenye uzi mwembamba kabisa, nikaikata fupi nikaisugua kwa tupa ikawa laini, sasa inateleza vizuri. Besi, yaani nyuzi nene za sauti nzito, natumia gumba. Halafu kumbe Mwenda Jean Bosco, yule mpiga gitaa maarufu wa Katanga kule Kongo, alipiga kwa gumba na shahada tu, nimefarijika mno. Piki nimemwachia mdogo wangu.