Nimekatwa PAYE miezi sita, hati ya kodi naambiwa "rudi wiki ijayo"

Wakuu, nina hasira na siwezi kuzificha.

Nilikuwa kwenye ghala moja Chang'ombe hadi mwisho wa Juni mwaka jana. Mshahara laki tisa. NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) inaondoka 90,000, inabaki 810,000 ndiyo inayopigiwa kodi, na PAYE, yaani kodi ya mshahara, wananikata 80,500. Nimepiga hesabu mwenyewe kwa viwango vya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania): 270,000 ya kwanza haina kodi, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 asilimia 20, na ile 50,000 iliyozidi asilimia 25. Inakuja ile ile. Kwenye kukata hawakuwahi kukosea wala kuchelewa! Januari hadi Juni, miezi sita, ni 483,000.

Julai nikafungua duka la vifaa vya umeme Mbagala. Mwenye mshahara tu hatakiwi kupeleka ritani (taarifa ya mapato ya mwaka), ndiyo maana wengi wetu karatasi hizi hatuzijui. Mimi mwaka mmoja nina mshahara na biashara, kwa hiyo mapato yanajumlishwa, kisha kodi iliyokwishakatwa inaondolewa. Ushahidi kwamba ilikatwa ni hati ya kodi ya zuio kutoka kwa mwajiri. Nisipokuwa nayo, nilipe 483,000 mara ya pili?

Na si hisani. Sheria ya Kodi ya Mapato inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi hati hiyo kufikia Januari 30 baada ya mwaka kuisha, na ukiacha kazi katikati ya mwaka, ndani ya siku 30. Nimeenda mara nne. Mhasibu yuko likizo. Bosi hajasaini. Mara ya tatu dada wa mapokezi ananiuliza, "Kaka, kwani salari slipu huna?" Mara ya nne nimeishia getini kwa mlinzi, mahali nilipofanya kazi miaka mitano.

Hizo salari slipu walikuwa wanatutumia WhatsApp. Simu ikaibiwa Kariakoo, zikaenda nayo. Zimebaki mbili nilizochapisha wakati naomba mkopo. Hili linaniuma sana. Mlio kazini, nawasihi: chapisheni kila mwezi, wekeni faili moja na mkataba, na nakala mtume kwenye barua pepe yenu binafsi, maana ya ofisini wanaifunga siku unayotoka. Hati ikija, kabla hujaondoka mezani angalia jina, TIN (namba ya mlipa kodi), miezi na jumla ya kodi.

Kinachoninyima usingizi ni kingine. PAYE inatakiwa ifike TRA kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Kama waliipeleka, kuandika karatasi moja kuna ugumu gani?

Jumatatu narudi na barua, nakala mbili, yangu waigonge muhuri wa kupokea. Wakikataa naipeleka TRA Temeke. Aliyewahi kulifikisha jambo kama hili huko aniambie alianzia dirisha gani.