Watoto wa Bi Tatu: Alhamisi ya Salha

*Zuhura, 06:12*
Asalaam aleikum. Alhamisi Salha anaonana na daktari mpasuaji. Nataka maswali yenu hapa kabla ya kesho jioni.

*Zuhura, 06:19*
Ni operesheni ya tumbo ya kupunguza uzito. Kaambiwa "baipasi" basi. Ziko zaidi ya moja! Ile ya Y: tumbo linatengwa kifuko kidogo juu, kama mililita 30. Utumbo mwembamba unakatwa, ncha moja inapandishwa kuungwa na kifuko, ya pili inaungwa chini huko. Viungio viwili. Ile mini: kifuko kirefu, kiungio kimoja. Mezani anakaa muda mfupi zaidi, ila nyongo inaweza kupanda hadi kwenye kifuko.

*Zuhura, 07:40*
Watu 19 mmesoma. Kimya.

*Hamisi, 09:03*
Mi najua baipasi ya kukwepa foleni 😂

*Mwajuma, 09:04*
😂😂😂

*Zuhura, 09:05*
Na ndivyo ilivyo, chakula kinakwepa sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Haya, swali lako?

*Mwajuma, 09:31*
Si bora wamkate tumbo tu kama yule jirani? Mbona kapungua

*Zuhura, 09:33*
Ile si baipasi, Mwaju. Sehemu kubwa ya tumbo inatolewa kabisa, hairudi. Na inaweza kuzidisha kiungulia. Ya Y mara nyingi hukipunguza. Salha na kiungulia chake mnamjua.

*Salha, 13:20*
Nipo kazini, nasoma. Siku hizi nalalia mito mitatu.

*Mjomba Kassim, 13:52*
Daktari ndiye ajuaye. Mnamtia mtoto hofu bure.

*Zuhura, 13:53*
Shikamoo mjomba. Kwa mama tulisema hivyo hivyo. Karatasi ikasainiwa mlangoni.

*Hamisi, 13:55*
Dada usianze. Nilisaini kwa sababu simu yako haikupokelewa.

*Zuhura, 13:55*
Nilikuwa njiani

*Hamisi, 13:56*
Saa sita nzima?

*Zuhura, 13:58*
_Ujumbe huu umefutwa_

*Bibi, 14:30*
Zuhura. Hamisi. Mama yenu nilimzaa mimi. Kama kuna wa kudai ni mimi, na sidai. Salha mke mwenzangu, tumbo ni lako. Daktari akuulize nini kitakatwa na nini kitaungwa, umjibu kwa mdomo wako. Ukishindwa, usisaini.

*Mwajuma, 14:41*
🙏🏽

*Hamisi, 20:47*
Swali. Salha anameza ibuprofeni za goti kila siku. Baada ya hapo ataendelea nazo?

*Zuhura, 20:48*
Ahsante Hamisi. Kwa kawaida hukatazwa, huleta vidonda penye kiungio. Aulize atatumia nini badala yake. Na vitamini B12, madini ya chuma, kalsiamu: maisha yake yote.

*Mwajuma, 22:10*
Maisha YOTE??

*Zuhura, 22:11*
Yote. Utumbo unaokwepwa ndio uliokuwa unanyonya mengi ya hayo. Na vipimo vya damu haviishi. Sasa nani anamsindikiza Alhamisi?

*Mjomba Kassim, 22:25*
Nina safari. Nitaangalia.

*Hamisi, 22:26*
Nikipata ruhusa

*Salha, 22:50*
Bibi, nimeichora ile Y kwenye daftari. Ncha ya pili sijui inaungwa umbali gani. Hapo nimeweka alama ya kuuliza.

*Zuhura, 22:51*
Hamisi, ruhusa utajua lini?

*Hamisi, 23:34*
👍🏽