Mjadala: Kaunti ya Lamu ipewe turufu juu ya mikoko na maji?

Mtu wa Pate (mwenye mada): Nianze na boriti. Mkata mikoko wa huku kibali chake hakitoki kaunti, kinatoka Huduma ya Misitu ya Kenya, na ufunguo uko Nairobi. Februari 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji miti nchi nzima kwa sababu ya mito ya bara kukauka, wakata boriti nao walifungiwa. Na Lamu ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya!

Bandari ya Lamu je? Jiwe la msingi liliwekwa Machi 2012, kaunti ikazaliwa mwaka uliofuata. Ilikuta harusi imeshafungwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wafidiwe shilingi bilioni 1.76, lakini bahari ilikuwa imeshachimbwa. Nasema mradi wowote unaogusa mikoko, matuta ya mchanga au maji usianze bila idhini ya kaunti. Haya, nipingeni.

Mtu wa Shela: Nakupinga, tena kwa uchungu. Maji matamu ya mji wa Lamu yanatoka chini ya matuta yetu: mvua inanyonywa na mchanga, inatulia juu ya maji ya chumvi. Ukijenga juu yake na kuchimba choo, umeshatia uchafu kisimani. Sasa nani anajenga pale? Nani aliyeuza? Si Nairobi, ndugu yangu. Kikulacho ki nguoni mwako. Turufu hiyo unampa nani hasa?

Mtu wa Mokowe: Kisheria mwenye mada umeruka hatua. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti kazi ya *kutekeleza* sera za taifa za mali asili, misitu ikiwemo. Kupanga matumizi ya ardhi ni kwake, kweli, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inadai mpango wa miaka 10. Lakini ramani ya mpango huo haimzuii mwenye kibali cha Nairobi.

Mtu wa Hindi (ya huku Lamu): Mnasahau mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa Kwasasi. Leseni yake ilifutwa Juni 2019 na baraza la rufaa la mazingira, kwa kesi ya wananchi, sababu kubwa ikiwa ni kutoshirikishwa.

Mtu wa Pate: Wa Shela amenishika pabaya, nakubali. Matuta sina jibu. Basi naipunguza: kaunti isitie saini peke yake. Kwanza vikao Faza, Kiunga na Ndau, si ukumbi wa makao ya kaunti Mokowe tu, na ripoti ya mazingira isomwe kwa Kiswahili, si kitabu cha Kiingereza chenye mamia ya kurasa.

Mtu wa Shela: Na nauli ya boti ya mtu wa Kiunga alipe nani? Akilipa mwenye mradi, kikao ni cha nani?