Pikapu ikilalia upande, HAIONGEZWI JANI UPANDE MMOJA! Mafundi, imetosha

Wakuu, uzi huu ni wa hasira na nausimamia.

Pikapu inaingia gereji imelalia kushoto. Fundi anachuchumaa nyuma, anaitazama kwa macho sekunde kumi, anasema "springi imechoka, tunaongeza jani," yaani bapa moja zaidi la chuma kwenye springi. Jioni gari linatoka limenyooka, mwenye gari analipa na kushukuru. Siku anapopakia mifuko 20 ya saruji, yaani tani moja kamili, gari linalala kulia. Anarudi, anaongezewa jani na upande wa pili. Sasa gari limesimama juu juu, nyuma linarukaruka kwenye kila tuta, na ugonjwa wa mwanzo uko palepale. Huo si ufundi, ni kuuza chuma.

Nieleze kwa namba. Jani la ziada haliinui tu, linaufanya upande ule uwe mgumu kuliko mwenzake. Tuseme upande wa kawaida unashuka milimita 1 kwa kila kilo 5, na ule ulioongezwa jani unashuka milimita 1 kwa kila kilo 6. Weka kilo 500 kila upande: wa kwanza unashuka milimita 100, wa pili 83. Tayari una tofauti ya milimita 17 ambayo haikuwepo gari likiwa tupu. Ndiyo maana gari linanyooka mbele ya gereji na kulala likiwa barabarani na mzigo. Fundi anayejua springi analijua hili, na asiyelijua asiziguse.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hakuna anayepima. Tepu ya kupimia haikosekani kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi! Upimaji wenyewe ni huu. Gari tupu, hakuna mtu ndani, tairi za saizi moja na upepo sawa kushoto na kulia. Lisimame kwenye sakafu ya sementi iliyonyooka. Kama huiamini sakafu, chukua ule mpira mwangavu wa maji wa fundi uashi ulinganishe sehemu nne zinapokaa tairi. Usipime gari lililotoka kwenye jeki sasa hivi, springi zinakuwa bado zimejibana. Lisogeze mbele na nyuma mita chache, likandamize nyuma mara tatu nne, ndipo upime.

Pima mara mbili, mahali tofauti. Kwanza kutoka katikati ya rimu kwenda juu mpaka ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne. Ukipima kutoka chini unaingiza na uchovu wa tairi kwenye hesabu. Pili, kutoka juu ya bomba la ekseli ya nyuma mpaka chini ya chesisi, kushoto na kulia. Kama kipimo cha madigadi kinatofautiana lakini hiki cha chesisi kiko sawa, springi zako hazina kosa: kilicholala ni bodi au kebini, nenda kaangalie raba zake. Watu wameuziwa springi mpya kwa ugonjwa wa raba. Na tofauti ya milimita 5 mpaka 10 kwenye pikapu ya kazi si ugonjwa, mwacheni mtu aende zake.

Halafu kuna ugonjwa wa mbele unaotibiwa nyuma. Chesisi ni ngumu, kona moja ya mbele ikishuka inaivuta na nyuma. Kuzitenganisha ni kazi ya robo saa. Weka kabari kwenye tairi za mbele, ingiza jeki ya magurudumu nyuma, chini ya chuma cha katikati kinachounganisha reli mbili za chesisi, katikati kabisa. Usiweke chini ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, maana hapo springi zinabaki na mzigo wake. Inua mpaka springi za nyuma zipoteze uzito. Sasa gari limekaa juu ya nukta moja nyuma, na kinacholiamulia ulalo ni mbele peke yake. Pima madigadi ya mbele. Likibaki limelala, kosa liko mbele. Likinyooka, kosa liko nyuma. Kisha rudia kinyume, jeki mbele katikati na kabari nyuma, kuthibitisha. Mtu asiingie chini wakati huo, gari lililo juu ya nukta moja linayumba.

Kwa Hilux za 4x4 za kabla ya toleo la Vigo zisizo na springi za majani mbele, na D-Max za kizazi cha kwanza na L200 za zamani nyingi za 4x4, mbele kuna fimbo za tosheni, yaani fimbo za chuma zinazojipinda badala ya springi, zenye bolti ya kurekebishia kimo. Bolti moja ikiwa imelegezwa zaidi ya mwenzake, pikapu nzima inalala. Dawa ni spana: toa uzito, zungusha mzunguko mmoja, shusha, sogeza gari, pima tena. Halafu mtu kama huyo anaongezewa jani nyuma!

Sasa tuseme kosa liko nyuma kweli. Kabla ya kununua chochote angalia bushi, na hapa ndipo mafundi wanapoharibu kwa mikono yao. Bushi ya springi ni raba iliyo kati ya bomba dogo la ndani na jicho la springi, ile pete ya ncha yake. Ukikaza nati, bomba la ndani linashikwa na breketi halizunguki tena. Springi ikicheza, raba ndiyo inayojipinda. Fundi anafunga springi gari likiwa juu ya jeki, ekseli inaning'inia, anakaza kila kitu huko huko hewani. Gari likishuka, raba inakuwa imeshapindwa hata kabla ya kuanza kazi, nayo inausukuma upande ule juu. Kama upande mwingine ulikazwa gari likiwa chini, tayari una pikapu iliyolala na springi zote nzima. Raba ikichanika, upande ule unashuka ghafla na mwenye gari anaambiwa springi "imekatika nguvu".

Dawa yake haina gharama. Gari liwe chini kwa tairi zake. Legeza bolti tatu kila upande: moja ya jicho la mbele, mbili za sheko, vile vibao viwili vinavyoshika ncha ya nyuma ya springi. Jumla sita. Zilegee tu, zisitoke. Sogeza gari mbele na nyuma, likandamize, kisha kaza hapo hapo lilipo. Pima. Kuna magari yananyooka kwa hatua hii peke yake. Sheko iliyoshikwa na kutu ikawa haichezi nayo inaleta ulalo uleule, kwa hiyo iangalie kabla hujakaza.

Kama bado, toa springi zote mbili. Sugua kila jani kwa brashi na dizeli. Jani la pili au la tatu hukatika pale kwenye tundu la senta bolti, ile inayofunga majani pamoja katikati, chini ya bamba, ambapo huwezi kupaona springi ikiwa imefungwa. Utaona mstari mwembamba wa kutu umekatiza upana wa chuma. Kisha lalisha kila springi kwa ubavu sakafuni, vuta uzi kutoka jicho hadi jicho, pima kutoka kwenye uzi mpaka jani kubwa pale katikati. Linganisha. Zikilingana, usinunue springi. Kama bado una shaka, badilishana: ya kushoto nenda kulia. Ulalo ukihama, springi ndiyo yenye kosa. Ukibaki, tafuta breketi iliyopinda au chesisi yenye ufa.

Senta bolti nayo hukatika, kisha ekseli inarudi nyuma upande mmoja. Pima kutoka bolti ya jicho la mbele mpaka kwenye bomba la ekseli, pande zote mbili, ikitofautiana umeipata.

Springi iliyochoka inabadilishwa kwa jozi. Na tafadhali, acheni kuzichoma kwa gesi ili "kuzirudishia mgongo". Chuma cha springi kama SUP9 kinapata ugumu wake kwa kupashwa nyuzi joto 830 mpaka 860 za Selsiasi, kuchovywa kwenye oili, halafu kupashwa tena 460 mpaka 510. Moto wa gesi wa kubahatisha unaua kazi yote hiyo mahali pamoja, na hapo ndipo jani litakapolala au kukatika. Kuchomelea jani lililokatika ni kumtega dereva.

Yu-bolti, zile za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, ziwe mpya, za zamani zimeshavutika. Kaza kwa msalaba, kidogo kidogo, nyuzi zinazochomoza chini ya nati zilingane zote nne, na mwambie mwenye gari arudi baada ya kilomita 500 zikazwe tena. Nani anamwambia?

NYONGEZA, kwa mliouliza.

Spesa, yaani kipande cha kuinulia, chini ya springi upande mmoja: inakubalika pale tu springi zimepimwa ni nzima na kuna uzito wa kudumu upande mmoja, kama tangi au boksi la vifaa lililofungwa. Spesa haibadilishi ugumu wa springi, ndiyo tofauti yake na jani. Iwe ya chuma, moja, yenye tundu na pini ya senta bolti, na yu-bolti ndefu zaidi. Anza na nyembamba, kisha pima. Mbao, hapana. Vipande vitatu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, hapana.

Shokapu: hazibebi gari. Kubadilisha shokapu hakunyooshi pikapu iliyolala.

Breki: Hilux nyingi zina vavu ya breki ya nyuma yenye fimbo iliyofungwa kwenye ekseli. Ukiinua nyuma, vavu inadhani gari ni tupu na inapunguza nguvu ya breki za nyuma, hata ukiwa na tani moja mgongoni. Aliyeongezewa majani pande zote mbili, fimbo hiyo imerekebishwa? Kaulizeni leo, kabla ya kupakia.

Anayetaka msaada hapa alete kwanza namba sita: madigadi manne, na ekseli mpaka chesisi kushoto na kulia. Picha ya gari limelala haitoshi.