Marando ya viazi vitamu: nichukue viazi lishe au vyeupe? Matuta au viroba?

Fundi_Kinyerezi
Heshima kwenu wakuu. Kuna jamaa analeta marando (vipande vya shina vya kupandia) Jumamosi, anataka nimjibu leo usiku nachukua yapi: viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, au vyeupe vya kawaida. Bei ni ileile kwa fungu. Halafu mama watoto anasema tupande kwenye viroba, mimi nataka matuta. Wazoefu, nimjibu nini huyu mtu? Nawasilisha.

ShangaziTabata
Mkuu, umeuliza kama vile wote tumelala kwako. Uwanja una ukubwa gani? Udongo kichanga au mfinyanzi? Jua linapiga au kuna mwembe? Na unataka viazi au unataka matembele?

Mpangaji Halisi
Viroba bila kufikiri mara mbili. Kiroba cha kilo 50, toboa matundu chini, changanya udongo na mchanga na samadi iliyooza vizuri, pandikiza marando mawili, basi. Sisi tuliopanga hiyo ndiyo dawa. Mwenye nyumba akipandisha kodi unahama na shamba lako kwenye kirikuu.

Babu wa Chanika
Viroba ni mapambo. Kiazi kinataka kutanuka, wewe unakifunga gerezani. Piga matuta yafike magotini, mita moja kutoka tuta hadi tuta, rando hadi rando futi moja. Rando liwe na urefu wa rula ya shule, ulaze nusu au zaidi ndani ya udongo, kichwa kitokeze. Baada ya miezi mitatu na nusu hadi mitano unachimba. Tumekula hivyo tangu utoto.

Fundi_Kinyerezi
Asanteni. Uwanja ni wa kawaida tu, nyuma ya nyumba.

ShangaziTabata
"Wa kawaida" ndiyo hatua ngapi? 😂 Na udongo hujajibu.

Dada wa Kigamboni
Kabla hamjagombania matuta na viroba, muulizeni marando yanatoka wapi. Ngoja niwape yangu. Mwaka juzi niliuziwa mafungu na kijana mmoja, akaapa kwamba ni mbegu safi. Yalishika haraka, shamba likawa kijani mpaka majirani wanaomba matembele. Masika ikaisha, jua likaanza, ardhi ikapasua nyufa za kuingiza kidole. Nikachimba kiazi cha kwanza: kikubwa, ngozi nzuri, nikajisifu. Kukikata katikati kina vijinjia vyeusi kama mtu amechora kwa kalamu ya wino, ndani yake viwavi vyeupe vimejikunja. Harufu yake sasa! Nikachemsha kimoja kilichoonekana kizima, kichungu kama shubiri. Nikawapa mbuzi wa jirani, wakanusa wakaondoka. Karibu vyote vilikuwa hivyo. Afisa ugani ndiye aliyenieleza kuwa huyo ni fukusi, mdudu wa viazi, na kwamba kijana alinikatia marando ya chini, yale magumu ya shinani, ambako fukusi hutaga mayai. Ya kupanda unakata nchani, sentimita 25 hadi 30, na kwenye shamba lisilo na ugonjwa. Nilimpigia yule kijana, simu haipatikani mpaka leo.

Babu wa Chanika
Pole sana binti yangu. Na nyufa ndiyo mlango wa fukusi, hana nguvu ya kuchimba chini mwenyewe. Ukiona tuta linapasuka, pandishia udongo siku hiyohiyo. Na kiazi kikikomaa usikiache ardhini eti ndiyo stoo.

Mpangaji Halisi
Sasa si ndiyo faida ya kiroba? Ufa unauona kwa macho, unamwagia maji, yamekwisha.

Babu wa Chanika
Maji ya mgao hayo au ya mbinguni?

Lishe Kwanza
Turudi kwenye swali. Chukua viazi lishe, usisite. Ile rangi ndiyo beta karotini, mwili unaigeuza kuwa vitamini A, na kama una watoto wadogo hapo ndipo penye maana. Cheupe hakina kitu hicho, kinashibisha tu. Aina zipo nyingi, Kabode, Mataya, Ejumula. Huyu jamaa anakuletea ipi? Mwaka 2016 Robert Mwanga wa Uganda na wenzake watatu walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia, na kazi ya viazi hivi ilikuwemo. Si mambo ya mitandaoni haya.

Mtoto wa Tandika
Tuzo haina ladha mkuu. Kiazi lishe ukikichemsha kinalegea kama boga. Cheupe kinakuwa kikavu, cha unga, unakishushia na chai ya tangawizi mpaka unapaliwa. Watoto wangu cha njano wanakificha chini ya sahani.

Lishe Kwanza
Unakichemsha kwenye maji ya kuoga ndiyo maana. Weka maji kidogo, funika, au kipike kwa mvuke. Na kipike kwa nazi, kwa sababu hiyo vitamini inahitaji mafuta ili mwili uipokee.

Bi Mkubwa wa Magomeni
Hapo kwenye nazi nimeamka. Futari ya viazi vitamu ni cheupe, jamani. Tui zito, iliki, chumvi kwa mbali. Cha njano kinavurugika, unapata uji.

ShangaziTabata
Bi mkubwa, iliki tena? Kwetu ni nazi na chumvi tu. Sukari na iliki mnaharibu.

Bi Mkubwa wa Magomeni
Kwenu wapi huko mwanangu?

Mtoto wa Tandika
Muheza huyo 😂

Fundi_Kinyerezi
Wakuu, tumehamia jikoni. Jamaa anasema ya lishe hajui jina lake, "ni yale ya njano tu". Udongo wangu umeshikana, mvua ikinyesha maji yanatuama upande wa ukutani. Matembele nayo tunayataka, tunachuma kila siku.

Babu wa Chanika
Maji yanatuama ndiyo unasema leo! Viazi vitaoza. Hapo ni matuta marefu, uchanganye mchanga, na upande wa ukutani uuache. Na ukichuma matembele kila siku usitegemee viazi, majani ndiyo yanayolisha mizizi. Tenga tuta moja la mboga.

Mpangaji Halisi
Au viroba 😎

Dada wa Kigamboni
Asiyejua jina la mbegu anayouza, mimi simpi hata mia. Kaulizie TARI Kibaha, ile taasisi ya utafiti wa kilimo, si mbali na wewe.

Lishe Kwanza
Naunga mkono. Na samadi ya kuku usijaze, utapata majani ya kulisha ng'ombe na mizizi kama mikia ya panya.

Fundi_Kinyerezi
Kibaha mpaka nipate nafasi. Jamaa amepiga tena, nimemwambia asubiri. Mama watoto keshanunua viroba.

Mgeni wa Bunju
Samahani kuingilia uzi. Bi mkubwa, tui unaweka mwanzoni au viazi vikishaiva?